Wanawake wa Rasini: Majina Yasiyoandikwa Kwenye Mawe



Leo hatuzungumzii singo wala hina wala namna ya kufukiza nguo za biharusi, ingawa safari tunayotaka kukusimulieni ilianza kwa mambo hayo hayo ya harusi.

Biharusi mmoja wa kwetu, ambaye ndoa yake ni mfungo tatu in shaa Allah, alitaka picha zake zipigwe pahala pasipokuwa ufukwe wa hoteli. Upande wa mama yake ni Pemba, na bibi yake alizaliwa maeneo ya Ras Mkumbuu. Akasema anataka kwenda huko huko, kwenye magofu. Basi tukafunga safari: yeye, mama yake mdogo, mpiga picha, na sisi wawili tunaoandika hapa.

Tulipanda boti ya mashine Wesha, karibu na Chake Chake, asubuhi bahari ikiwa shwari. Rasi yenyewe ni ulimi mrefu mwembamba wa ardhi unaojitokeza baharini upande wa magharibi ya Pemba. Mikoko imeushika ufuo, na mashua za wavuvi hupita karibu kiasi cha kusikia mazungumzo yao. Mkono wa kushoto kwa mbali tulikiona kisiwa cha Misali. Mama mdogo akatukumbusha hadithi ya wazee, kwamba Nabii Khidhr alipofika huko alitaka msala wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakachokuwa msala wake. Huku kwetu kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, na Misali wazee wanasema kimetandikwa kuelekea huko.

Tulipofika kwenye magofu, mpiga picha alianza kazi. Alipenda sana kaburi moja la nguzo, akamwambia biharusi aliegemee, aweke mguu mmoja juu ya ukingo wake. Mama mdogo akasema kwa upole, "Hapo ni kaburini, mwanangu." Biharusi akarudi nyuma, akaomba radhi. Kisha akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile: "Nimesikia masheikh, nimesikia masultani, nimesikia wafanyabiashara. Wanawake wa mji huu wako wapi?"

Tumelifikiria swali hilo tangu siku hiyo. Makala hii ndiyo jawabu letu kwake, na kwenu nyote mnaokaribia kuingia nyumba mpya.

Kwa nini watu walikaa rasini

Ukiitazama ramani ya visiwa vyetu utaona kwamba miji mingi ya kale ilikuwa kwenye ncha, kwenye ghuba na kwenye visiwa vidogo. Hata Mji Mkongwe wa Unguja ulianza kwenye rasi ya Shangani. Zamani mji huo ulikuwa karibu kisiwa, kwa sababu upande wa nyuma ulikatwa na mkono wa bahari. Jina la Darajani linatokana na daraja lililouvuka mkono huo kabla haujafukiwa.

Sababu ni bahari na upepo. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Disemba na kuleta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi hufuata kuanzia Aprili na kuvirudisha. Mji ulio rasini huona chombo kikiwa bado mbali, na nyuma ya rasi hupatikana maji yaliyotulia ya kutia nanga. Nahodha aliyekosa upepo wa kurudi ilimbidi akae miezi. Aliyekaa miezi alihitaji pa kulala, chakula, na mtu wa kumwamini. Hapo ndipo wanawake wanapoingia katika historia hii, kama tutakavyoona.

Mwandishi wa Kiarabu Al-Masudi alisafiri pwani hii katika karne ya 10. Aliutaja mji wa Qanbalu, kwenye kisiwa chenye Waislamu waliozungumza lugha ya Kizanji, na akasema kwamba mara yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani karibu na 916 Miladia. Wanahistoria wengi wanaona kwamba kisiwa hicho ni Pemba, na baadhi yao wameutaja Ras Mkumbuu kuwa ndio mji wenyewe. Magofu yanayoonekana leo, yaani msikiti mkubwa wa ijumaa, nyumba na makaburi ya nguzo, ni ya karne ya 14 na 15. Lakini chini ya msikiti huo wachimbaji walikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, inayorudi nyuma hadi kama karne ya 10. Yaani kwa mamia ya miaka watu wa pahala pale walikuwa wakijenga juu ya sijda za wazee wao.

Yaliyoandikwa

Mawe yetu yanasema, lakini yanasema majina machache. Tazameni msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ukutani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe kwa ustadi unaomstaajabisha kila anayeyaona. Yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na yanamtaja aliyeamrisha ujenzi: Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Msikiti ulijengwa upya karne ya 18, na hadi leo watu husali ndani yake. Ni karibu miaka 900, na jina la mwanamume huyo bado linasomwa. Mwenyezi Mungu amlipe.

Mama yake, mkewe na binti zake hawamo katika maandishi hayo. Hatulaumu. Maandishi ya msikiti hayakuwekwa kuhesabu familia. Lakini mtu anayesoma mawe peke yake ataondoka akidhani kwamba miji hii iliishi wanaume watupu.

Wapo wanawake wachache waliopenya katika maandishi, hasa waliotawala. Pale Shangani, mwishoni mwa karne ya 17, alikuwepo Malkia Fatuma. Alishikamana na Wareno wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu Mombasa, akawapelekea msaada wa chakula. Ngome ilipoanguka mwaka 1698, yeye alichukuliwa uhamishoni Maskati. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wake wa kisiasa, na wengi wetu tungebishana nao. Lakini alikuwepo, alitawala, na alilipa gharama ya uamuzi wake mwenyewe.

Malkia ni mmoja, na mji una wanawake wengi. Hao wengine tutawapata wapi?

Kilichobaki jikoni

Tutawapata jikoni na uani. Kaskazini mashariki ya Pemba, karibu na kijiji cha Tumbe, wanaakiolojia wamechimba makazi mawili yaliyo jirani: Tumbe yenyewe, iliyokuwa hai kati ya karne ya 7 na ya 10, na Chwaka, iliyofuata kuanzia karne ya 11 hadi ya 15. Hawakuchimba misikiti tu. Waliyachuja majivu na udongo wa nyumba za kawaida za miti na udongo, zile ambazo zamani hakuna aliyezishughulikia.

Huko Tumbe walikuta vigae vingi sana vyenye mifereji iliyolika. Vigae hivyo vilitumika kusugulia na kulainishia shanga za makome. Hebu fikirini mtu aliyekaa uani kwenye mkeka, anasugua vipande vya makome mpaka viwe duara, mchana baada ya mchana. Huenda alikuwa akizungumza na mwenzake, mtoto kajilaza miguuni. Shanga hizo zilivaliwa na zikauzwa.

Katika majivu ya majiko walikuta jambo jingine, nalo linatuhusu sote. Watu wa Tumbe walikula zaidi uwele. Lakini huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ulichukua nafasi ya kwanza. Hatua kwa hatua watu wa Pemba waligeuza chakula chao kutoka nafaka ya Kiafrika hadi nafaka iliyokuja kwa bahari. Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na kukua kwa mji, kujengwa kwa misikiti ya mawe, na desturi ya kukirimu wageni kwa wingi. Hadi leo huko Pemba kazi nyingi za kwenye mabonde ya mpunga, kupanda, kupalilia na kuvuna, zinafanywa na wanawake.

Kwa hivyo, biharusi, siku sufuria za pilau na biriani zitakapoteremshwa uani kwenu, ujue kwamba wali wa harusi una historia ya karibu miaka 1000 kisiwani. Hakuna jiwe lililoandikwa jina la mwanamke wa kwanza aliyeamua kuupika kwa ajili ya wageni wake. Ameacha punje zilizoungua.

Vyungu navyo vinasimulia. Watalii hupenda vipande vya kauri ya China na vyombo vya Uajemi vilivyong'arishwa, kwa sababu vinapendeza. Lakini katika kila uchimbaji wa pwani hii, vigae vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papa hapa ndivyo vilivyo vingi kupita kiasi. Na katika pwani yetu ufinyanzi kwa kawaida umekuwa kazi ya wanawake, mama akimfundisha binti.

Kisima cha Pujini

Siku ya pili tulikwenda Pujini, upande wa mashariki wa Pemba, kwenye ngome ya Mkama Ndume. Ilijengwa karibu na karne ya 15, na masimulizi yanamtaja mwenyewe kuwa mtawala mkali aliyewatumikisha watu bila huruma. Ndani ya ngome kuna kisima, na kisima hicho ndicho kinachokumbukwa kuliko kuta.

Wazee wanasimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopendana. Ili wasikutane, kisima kiligawanywa kwa ukuta. Mmoja aliteka maji kwa ndoo na kamba kutoka juu, na mwenzake aliteremka kwa ngazi. Walikunywa maji ya kisima kimoja na hawakuonana nyuso.

Tulicheka kidogo tuliposimuliwa, kisha tukanyamaza. Mama mdogo akasema, "Bwana mwenye uwezo wa kujenga ngome alishindwa kufanya uadilifu, akajenga ukuta." Hatuna la kuongeza juu ya neno lake, ila hili: katika hadithi yote ya Pujini, wake hao hawana majina. Wivu wao umehifadhiwa miaka yote hii, majina yao yamepotea. Ni onyo kwetu. Tukiacha wengine watukumbuke, huenda wakakumbuka ugomvi wetu tu.

Nyumba ya nani?

Sasa tumrudie yule nahodha aliyekaa rasini akingoja upepo. Tangu utotoni sote tumesikia kwamba walikuja wanaume kutoka Shiraz na Uarabuni, wakajenga miji, wakaleta dini. Ukiisikiliza hadithi hiyo vibaya utadhani walikuta pwani tupu.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kuanzia Manda na Faza, visiwa vya Lamu, hadi Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Pemba na Unguja hazikuwemo, lakini miji hiyo ni ndugu wa miji yetu. Utafiti ulionyesha kwamba watu wa Afrika na watu wa Asia walianza kuchanganyika karibu na mwaka 1000 Miladia, wakati ule ule Uislamu ulipokuwa ukienea pwani. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake.

Kwa maneno mengine, masimulizi ya wazee kuhusu Washirazi hayakuwa uongo, ila yalitaja upande mmoja. Mgeni alifika, na mwenyeji wake alikuwa mwanamke wa hapa, pamoja na baba yake na kaka zake waliokubali posa. Lugha waliyozungumza watoto wao ikawa lugha ya mama. Ndiyo maana sisi leo tunasema Kiswahili, lugha ya Kibantu yenye maneno ya Kiarabu, na hatusemi Kiajemi.

Nyumba nayo ni ushahidi. Katika miji ya mawe ya Lamu na Pate, baba mwenye uwezo alikuwa akimjengea binti yake nyumba anapoolewa, mara nyingi juu ya nyumba ya wazazi au jirani nayo. Bwana harusi ndiye aliyehamia. Vyumba vya ndani kabisa, vyenye zidaka zilizochongwa kwa chokaa, vilikuwa himaya ya wanawake. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko, kama mita mbili na nusu hadi tatu, na ndani ya upana huo mdogo wasichana walipambwa, watoto walizaliwa, na maiti wa kike walioshwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba katika mila zetu mwanamke hakuwa na mali, mwambie aende akatazame nyumba hizo. Dini imekupa mahari yako iwe yako mwenyewe, na wazee wa pwani wenye uwezo waliongeza na paa juu ya kichwa chako.

Lakini tusijidanganye. Si kila mwanamke wa pwani hii alijengewa nyumba. Wapo walioletwa kwa nguvu kutoka bara, wakauzwa, wakatumikishwa mashambani na majumbani, wengine wakazaa na mabwana zao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Miongoni mwetu kuna wenye bibi wa namna hiyo, na mara nyingi hao ndio waliofichwa katika nasaba. Wao pia ni wanawake wa rasini, na wana haki ya dua kama wengine.

Adabu ya kutembelea magofu

Turudi Ras Mkumbuu, kwenye lile kaburi. Makaburi ya nguzo yalipambwa zamani kwa bakuli za kauri zilizopachikwa ukutani. Nyingi zimetolewa, zimebaki alama tupu. Mizizi ya miti inaingia kwenye nyufa na kuzipanua kila masika. Watu nao wanaongeza yao: wanaandika majina, wanapanda juu, wanaacha chupa za plastiki.

Dada zetu, Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliotutangulia. Kutembelea magofu si vibaya, na picha ya kumbukumbu si lazima iwe mbaya. Lakini Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa juu ya makaburi. Mwenye kaburi ni Muislamu mwenzako, hata kama amelala pale miaka 600. Ukifika, msalimie na umuombee, kisha simama mbali na ukuta wake. Usichukue kigae mfukoni, hata kidogo, kwa sababu kigae kikiondolewa pahala pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti lolote. Na takataka zako rudi nazo kwenye boti.

Biharusi wetu alipiga picha zake ufukweni, chini ya mbuyu, bahari ikiwa nyuma yake. Zimetoka nzuri, mashallah. Makaburi hayamo.

Majina ya khitma

Jioni tulikaa kwa bibi yake kijijini, tukala muhogo na samaki wa kupaka. Biharusi akamuuliza bibi majina ya mama zake. Bibi akamtaja mama yake, akamtaja bibi yake, akamtaja mama wa bibi yake. Hapo akasita. Akajaribu tena, akatazama chini, akasema, "Huyo tulikuwa twamwita Bi Mkubwa tu. Jina lake sikuwahi kuuliza."

Upande wa kuumeni biharusi anayo nasaba ya vizazi saba, imeandikwa, iko ndani ya msahafu wa babu yake. Upande wa kukeni imekatika kizazi cha nne, na aliyekuwa akiyajua yaliyobaki alikwisha kufariki.

Kwetu tunaposoma khitma tunataja majina ya marehemu wetu. Sikilizeni vizuri mara ijayo, mtaona majina ya kike yanavyomalizika mapema. Mwenyezi Mungu anawajua wote, na dua ya jumla inawafikia. Lakini mwenye kujua jina ana wajibu wa kulitunza.

Kwa hivyo tunakuombeni nyote mnaojitayarisha kwa ndoa. Pamoja na orodha ya vyombo, mashuka na udi, wekeni siku moja ya kukaa na bibi. Mchukulie daftari. Muulize mama yake aliitwa nani, alizaliwa wapi, alifinyanga au alisuka au alilima bonde gani, kisima chao kilikuwa wapi. Andika kwa kalamu, usitegemee simu. Kisha daftari hilo liingie katika sanduku lako la harusi.

Biharusi wetu amekwisha kuandika. Mstari wa nne ameandika "Bi Mkubwa, wa Ras Mkumbuu", na jina hilo litasomwa katika khitma ya kabla ya harusi pamoja na mengine, in shaa Allah.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu wote, tunaowajua na tusiowajua, na azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.